Dawa ya magoti inajuaje njia ya kwenda magotini?

Swali limetoka kwa binti anayeishi Mbagala Rangi Tatu. Nimelifupisha kidogo, lakini maneno ni yake:

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 63, na huu ni mwaka wa sita ana presha ya kupanda. Alikuwa anaendelea vizuri na losatani 50 na amlodipini 5, akipimwa anakutwa 138 kwa 84. Tangu mfungo uliopita magoti yanamtesa, hata kusujudu hawezi. Akawa ananunua diklofenaki duka la dawa hapa mtaani, anameza asubuhi na usiku. Baadaye presha ikaanza kupanda, kliniki wakampandishia amlodipini kutoka 5 kwenda 10. Miguu ikavimba, wakamwongezea Lasix. Sasa anachoka sana, anasema mkojo umekuwa kidogo, na juzi presha ilikuwa 168 kwa 98. Jirani anasema mwili umeshazoea dawa za presha, aziache kwanza apumzike, atumie rozela. Na mama mwenyewe ameniuliza swali nikakosa jibu: hii dawa ya magoti ikishafika tumboni, inajuaje njia ya kwenda magotini?"

Marahaba, binti yangu. Mimi ni mfamasia, siyo daktari. Kazi yangu ni kujua dawa inafanya nini ikishaingia mwilini na inagombana na nani humo ndani. Kwa hiyo kabla ya maelezo yoyote, nisikilize: mama aache diklofenaki leo hii, na kesho asubuhi umpeleke hospitali yenye maabara, si duka la dawa, akapimwe figo na chumvichumvi za damu, hasa potasiamu. Kama usiku wa leo mkojo utakata kabisa, au akaanza kutapika, au akahema kwa shida akilala chali, usisubiri kukuche. Dawa za presha msiziache kwa ushauri wa jirani. Ikiwa kuna ya kusimamishwa kwa siku chache, na huenda ikawepo, ataamua daktari akishaona majibu ya figo.

Sasa swali la mama. Mpe hongera kwa niaba yangu, maana nimekaa dirishani kwa miaka mingi nikitoa dawa, na wanaoliuliza ni wachache mno. Jibu lake ndilo lililobeba mkasa wake wote.

Dawa haijui njia. Haijui kwamba kuna goti. Kidonge kikifika tumboni kinasagika, kinaingia utumbo mwembamba, kinanyonywa na mishipa midogo ya damu, na mishipa hiyo yote hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoelekea kwenye ini. Ini hukagua kila kinachotoka tumboni. Kwa diklofenaki, karibu nusu ya dawa huvunjwavunjwa hapohapo kabla haijaona sehemu nyingine yoyote ya mwili. Iliyobaki inaingia kwenye moyo, na moyo unaisukuma kila mahali. Mtu mzima ana damu ya kama lita 5, na moyo uliotulia husukuma kama lita 5 kwa dakika. Maana yake ni kwamba dawa ikishaingia kwenye damu, ndani ya dakika chache imepita ubongoni, kwenye mapafu, kwenye figo, kwenye vidole vya miguu, na njiani imepita magotini pia. Goti linapata sehemu yake kama vingine. Tena figo zinapata zaidi, kwa sababu zenyewe peke yake hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayotoka kwenye moyo.

Niwe mkweli hapa, kuna jambo dogo linaloifanya diklofenaki ionekane kama inalijua goti. Goti lililovimba lina mishipa inayovuja na mazingira yenye tindikali kidogo, na dawa hii hupenda kunasa pahali kama hapo. Kwenye damu, nusu ya dawa huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili, lakini kwenye maji ya ndani ya goti hukaa saa kadhaa zaidi. Ndiyo maana mama anameza mara mbili tu kwa siku na nafuu inadumu. Lakini kukaa kwake gotini hakufuti kwamba imeshapita kwingine kote.

Basi kwa nini maumivu yatulie gotini tu, na kwingine asisikie kitu? Kwingine kunatokea kitu, ila hakina sauti.

Kila kiungo kilichoumia hutengeneza vijumbe vinavyoitwa prostaglandini. Ndivyo vinavyoleta joto, uvimbe na kuzifanya neva ziwe nyepesi kuuma. Vinatengenezwa na kimeng'enya kiitwacho siklooksijenezi. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, piroksikamu, meloksikamu na ndugu zao wote hukizuia kimeng'enya hicho. Aliyegundua hilo ni John Vane, London, mwaka 1971, akiichunguza aspirini ambayo watu walikuwa wameimeza zaidi ya miaka 70 bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel.

Tatizo ni kwamba prostaglandini hazikuumbwa kwa ajili ya kututesa magoti. Tumboni ndizo zinazolifanya tumbo lijipake ute mzito, lisichomwe na tindikali yake lenyewe. Kwenye figo ndizo zinazoulinda mlango wa damu uwe wazi pale mwili unapopungukiwa maji au shinikizo la damu linapobadilika. Zinaisaidia pia figo kutoa chumvi kwenye mkojo. Sisi wa Dar es Salaam tunalielewa hili kwa maji. Bomba likipasuka Kimara, ukaamua kuukomesha uvujaji kwa kuuzima mtambo wa Ruvu Juu, Kimara patakauka kweli, hakuna atakayelalamika tena juu ya tope barabarani. Lakini Mbezi nao hawatapata maji, na Kibaha hawatapata. Uvujaji wa goti la mama umekoma kwa namna hiyo.

Tukienda hivyo, mambo mengi yanayosemwa mtaani yanajibika yenyewe. Watu huniambia: "Tumbo langu halitaki diklo ya kumeza, kwa hiyo nachomwa sindano." Sindano inaingia kwenye damu, damu inafika tumboni, kiwanda cha ute kinafungwa vilevile. Kidonda cha tumbo kinachotokana na dawa hizi hakisababishwi tu na kidonge kuligusa tumbo. Kinaletwa na damu kutokea nyuma, kwa hiyo hata sindano na dawa ya kuweka njia ya haja kubwa huweza kukileta. Kula kwanza ni vizuri, kichefuchefu kinapungua, ila hakuufungui mtambo uliofungwa. Omeprazoli inalisaidia tumbo kwa kupunguza tindikali, na kwa mtu wa umri wa mama ni kinga ya maana. Kwa figo haisaidii chochote.

Kuhusu figo nina habari ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo, na kila mara wananyamaza. Huko Bara Hindi, kuanzia miaka ya 1990, tumbusi walianza kufa kwa wingi wa kutisha. Aina moja, tumbusi wenye mgongo mweupe, walipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa Pakistani wakaonyesha chanzo: ng'ombe walikuwa wakipewa diklofenaki ya mifugo kwa maumivu, wengine wakifa dawa ingali mwilini, na tumbusi wakala mizoga. Kiasi kidogo tu kiliua figo zao. Mwaka 2006 India, Nepali na Pakistani zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Binadamu siye tumbusi, figo zetu zinaihimili vizuri zaidi kwa mbali. Lakini kiungo kinacholengwa ni kilekile.

Turudi kwa mama, tufuate dawa zake kwa mpangilio zilivyoingia.

Alikuwa na mbili. Amlodipini inalegeza kuta za mishipa ili damu ipite kwa wepesi. Losatani inazuia homoni inayoikaza mishipa na kuiambia figo ibane chumvi. Presha ikatulia kwenye 138. Halafu ikaingia ya tatu, diklofenaki, na hiyo haikuandikwa kwenye kadi ya kliniki kwa sababu haikutoka kliniki. Ikaifanya figo ibane chumvi na maji. Pale losatani inaposema "achia", diklofenaki inasema "bana". Kwa hiyo losatani haikuzoeleka mwilini, ila ilikuwa inapingwa kutoka mlango wa nyuma. Amlodipini haisumbuliwi sana na dawa hizi za maumivu, ndiyo maana mwanzoni presha haikupaa moja kwa moja.

Kliniki wakaona presha imepanda. Wamefanya wanachotakiwa kufanya presha ya mtu inapopanda: wakaongeza dozi, amlodipini ikawa 10. Amlodipini kwenye dozi kubwa ina tabia inayojulikana sana, inavimbisha vifundo vya miguu. Siyo kwa sababu maji yamezidi mwilini. Ni kwamba inafungua mishipa inayopeleka damu miguuni kuliko ile inayorudisha, basi maji yanachujika na kubaki kwenye nyama. Diklofenaki nayo inaongeza uvimbe wake, maana chumvi imebanwa. Miguu ikavimba, ikaja dawa ya nne, Lasix, ya kukojoza. Na Lasix nayo inazihitaji prostaglandini za kwenye figo ili ifanye kazi sawasawa, zilezile zilizofungwa. Kwa hiyo mama anameza dawa ya kukojoza na mkojo ni kidogo.

Angalia sasa figo ilipofikishwa. Chujio la figo ni fundo la mishipa midogo, lina mlango wa damu kuingia na mlango wa damu kutoka. Likipungukiwa shinikizo, hujisaidia kwa njia mbili: linaupanua mlango wa kuingilia kwa prostaglandini, na linaubana mlango wa kutokea kwa homoni ileile inayozuiwa na losatani. Diklofenaki imeondoa njia ya kwanza. Losatani imeondoa ya pili. Lasix imepunguza maji yenyewe. Kila moja ya dawa hizi ina kazi yake nzuri, na wapo wagonjwa wengi wanaotumia losatani na Lasix pamoja kwa usalama. Hizo tatu zikikutana kwa mtu wa miaka 63, figo inaweza kusimama kazi ghafla. Wafamasia tunafundishwa kuogopa utatu huu. Uchovu wa mama na mkojo kuwa kidogo ndiyo dalili tunazozitafuta, na ndiyo sababu nimekwambia kesho, siyo wiki ijayo.

Sitaki pia ubaki na picha kwamba diklofenaki peke yake imeitoa presha 138 ikaifikisha 168. Kwa wastani dawa za kundi hili hupandisha namba ya presha kwa kama tano tu. Wapo wasioathirika, wapo wanaopanda sana, hasa wazee na wanaotumia dawa za aina ya losatani. Figo yenyewe ikishachoka huipandisha presha. Maumivu huipandisha. Dagaa wa chumvi na papa mkavu huipandisha. Kupima huku mtu amefika sasa hivi kutoka kwenye daladala amesimama njia nzima huipandisha pia. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mwambie daktari yote, apime kipi kina uzito.

Jirani amesema mwili umezoea dawa. Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu neno "kuzoea" limewafanya watu wengi hapa mjini waache dawa, wakapooza upande mmoja.

Kuzoea kupo, lakini ni kwa baadhi ya dawa. Dawa kama mofini, na tramadoli ambayo imejaa mitaani, hufanya kazi kwa kushika vipokezi kwenye seli za neva, vilevile ambavyo mwili wenyewe huvitumia kwa kemikali zake za kutuliza maumivu. Vikishikwa kila siku, seli hujirekebisha: vipokezi vinapungua usikivu, na ndani ya seli mitambo inaongezwa kasi kupingana na dawa. Mtu anahitaji zaidi apate kilekile, na akiacha ghafla ile kasi iliyoongezwa inabaki haina wa kuizuia, ndipo mwili unatetemeka, unatoa jasho, unaharisha. Heroini ni mlango huohuo. Vijana wanaopanga foleni asubuhi kunywa methadoni pale Muhimbili, huduma iliyoanza mwaka 2011, wanapewa kitu kinachoshika kipokezi hichohicho, ila kinaingia polepole na kukaa zaidi ya siku nzima, ili mwili usipande na kushuka. Huko ndiko kuzoea kwa kweli. Na nikutahadharishe, kwa kuwa maumivu ya mama yatarudi na mtu atamshauri tramadoli: isinunuliwe kienyeji. Kwa mzee inaleta kizunguzungu, kuanguka, na choo kigumu, na dozi ikizidi inaweza kuleta degedege.

Losatani na amlodipini hazina kuzoea kwa namna hiyo. Kinachowadanganya watu ni muda wake. Amlodipini ni dawa inayokaa: nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka mwilini. Mtu akiacha leo, kesho dawa bado imo mwilini, keshokutwa bado ana mabaki. Anajisikia vizuri, anasema "mbona nimeacha na sijasikia kitu?" Siku ya tano presha iko juu na yeye ameshawashuhudia majirani kwamba amepona. Ndiyo hivyohivyo ukiipandisha dozi, matokeo yake kamili yanakuja baada ya kama wiki moja, siyo kesho yake. Mseto wa malaria tunaoujua sote una mfano mzuri. Ndani yake mna dawa mbili, atemeta inayopiga kwa nguvu na kutoweka ndani ya saa chache, na lumefantrini inayobaki siku kadhaa kusafisha vimelea vilivyosalia. Homa inashuka siku ya kwanza kwa kazi ya ile ya haraka, mtu anaviacha vidonge vilivyobaki kabatini, na ile ya pili hajaipa kiasi cha kutosha.

Rozela ni kinywaji kizuri na kweli hushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Kidogo. Haiwezi kuwa badala ya dawa kwa mtu mwenye 168, na kwa sasa, hadi majibu ya figo yatoke, asiinywe kabisa, wala asinywe dawa yoyote ya mitishamba ya kukojoza au ya "kusafisha figo".

Nirudi kwenye magoti, maana kama nikisema acha diklofenaki halafu ninyamaze, nimemwacha mama na maumivu, naye atairudia baada ya siku nne. Sitamlaumu. Mtu ambaye hawezi kusujudu ana uchungu ambao hauko gotini tu.

Dawa ya kuanzia ni parasetamoli, hizi tunazoziita Panadol. Nayo haijui njia ya goti, inapita kote, lakini kazi yake kubwa iko kwenye ubongo na uti wa mgongo, na figo na tumbo haivigusi kama diklofenaki. Vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 panapohitajika, kwa mtu mzima visizidi 8 kwa saa 24. Kama mama ni mwembamba, chini ya kilo 50, abaki chini ya hapo, visizidi 6, na kesho muulize daktari dozi inayomfaa. Kiungo cha kuangalia kwa parasetamoli ni ini. Ini linapoivunja, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba yake ya kuiua sumu hiyo. Ukizidisha dozi akiba inaisha na sumu inaanza kula seli za ini zenyewe, tena kimyakimya, siku ya kwanza mtu hajisikii lolote. Kwa hiyo hesabu ni lazima, na hesabu inaharibika kirahisi, kwani dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na vipo vidonge vya maumivu vyenye diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Soma majina madogo yaliyoandikwa chini ya jina kubwa la biashara. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyotoa povu, avikwepe pia; povu lile limetengenezwa kwa chumvi ya sodiamu nyingi, kama miligramu 400 kwa kidonge kimoja, na mwenye presha hana haja nayo.

Kwa goti lenyewe kuna jeli ya diklofenaki ya kupaka. Utashangaa nimeitaja tena. Ikipakwa kwenye ngozi, inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ambayo ingeingia kwa kumeza, na goti liko karibu na ngozi kiasi kwamba dawa inalifikia. Hapa ndipo tunapoweza kusema kwa kiasi fulani kwamba dawa imeonyeshwa njia. Lakini kwa mama aisubiri hadi figo zipimwe na daktari aruhusu.

Na kuna yasiyo dawa ambayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Misuli ya mbele ya paja ikiwa imara, goti hupunguziwa mzigo: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie kwa kuhesabu hadi 5, aushushe, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Siku za mwanzo atalalamika, wiki ya nne au ya sita ataona. Fimbo aishike mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi, wengi huishika upande uleule na haisaidii sana. Kufua na kupika asichuchumae, apatiwe kigoda kirefu na meza. Kuhusu swala, najua dini inamruhusu asiyeweza aswali amekaa kitini. Wazee wengi huona aibu hadi imamu awaambie kwa mdomo wake. Mpelekee aliye karibu nanyi amwambie.

Kuna jambo moja lazima niliseme kuhusu sisi tunaouza dawa. Nilipoanza kazi niliwahi kukaa kwenye duka la dawa la jumla na rejareja hapa mjini. Alikuwapo mzee mmoja, fundi cherehani, anakuja kila Jumamosi kuchukua diklofenaki ya wiki. Nilikuwa nampa, tunasalimiana, anaondoka. Sikuwahi kumuuliza anatumia nini kingine. Siku moja alikuja kijana wake kununua mipira ya mkojo, na maneno mawili matatu yakatosha kunieleza yaliyobaki. Tangu hapo sitoi dawa ya maumivu bila kuuliza maswali matatu: una presha, una vidonda vya tumbo, unatumia dawa gani nyingine. Inachukua nusu dakika. Muuzaji wa duka lenu hakumuuliza mama, na kliniki hawakumuuliza ananunua nini nje. Mama naye hakusema, kwa sababu kwake dawa ni zile za presha, diklo ni "ya magoti tu".

Kwa hiyo kesho usiende na kadi peke yake. Chukua kikapu, uweke kila kinachoingia mdomoni kwa mama: vidonge vya kwenye kopo, vya kwenye bahasha, vile vya rangi tatu visivyo na jina kama vipo (hivyo ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyote, maana hakuna anayejua kilichomo), mizizi iliyo kwenye chupa, majani ya rozela. Vimwage mezani kwa daktari. Mwambie tarehe diklofenaki ilipoanza na tarehe presha ilipoanza kupanda, ziandike kabisa kwenye karatasi usije ukasahau. Omba kipimo cha kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja vipi, na cha potasiamu. Halafu uliza maswali haya mawili kwa adabu, kwa sababu yasipoulizwa dawa zilizoongezwa huwa hazipunguzwi: sasa diklofenaki imeondoka, je, amlodipini inaweza kurudi 5? Na miguu ikinywea, Lasix bado ina kazi gani?

Akianza matibabu mapya, mpime kila asubuhi kabla hajameza kitu, wiki mbili mfululizo, uandike kwenye daftari. Siku tatu nne za mwanzo namba zinaweza kuchezacheza, msitishike nazo, mwili bado unatoa chumvi iliyobanwa. Akijisaidia choo cheusi kama lami wakati wowote katika wiki hizo, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana maumivu ya tumbo.

Niandikie majibu ya kreatinini yakitoka. Na mama mpelekee shikamoo yangu, umwambie swali lake nimelijibu.